Mzazi, Mwanafunzi wa Chuo na Pombe: Nani Bado Ana Kauli?

Wazazi wengi wa Tanzania na Kenya huichukulia siku ya kumpeleka mtoto chuo kikuu kuwa ndiyo siku ya kushusha mzigo. Ada imepatikana, godoro limenunuliwa, begi limefungwa, kijana ameombewa dua, na kuanzia hapo ni mtu mzima, atajijua. Ukigusia pombe utapata mojawapo ya majibu mawili. Mmoja atakwambia mwanawe hanywi, hakulelewa hivyo. Mwingine atakuuliza: hata kama anakunywa, mzazi aliyeko Bukoba atamfanya nini kijana aliyeko Dodoma? Jibu la kwanza limejaa matumaini na la pili limejaa kukata tamaa, lakini yote mawili yanamweka mzazi kando. Tafiti za zaidi ya miaka ishirini zinaonyesha kwamba hakai kando kirahisi hivyo. Mzazi huendelea kuwa na uzito katika kile anachokunywa mwanawe, kiasi anachokunywa na watu anaokunywa nao, hata wakiwa mbali. Shida yetu sisi wa Afrika Mashariki ni nyingine: uzito huo tuliukabidhi kwa wengine mapema mno, miaka mingi kabla ya chuo, na hatujawahi kwenda kuuchukua.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2015 jarida la PLoS One lilichapisha utafiti wa Joel Francis na wenzake kutoka mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza. Waliulizwa vijana 1,954 wa umri wa miaka 15 hadi 24, katika makundi manne: wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa vyuo, waajiriwa wa viwandani na vibarua. Mtu angedhani vibarua, wenye kazi ngumu na ujira wa jioni, ndio wangeongoza kwa kunywa. Walioongoza ni wanachuo. Katika kila wavulana 100 wa vyuoni, 45 walikuwa wanywaji kwa wakati huo, na katika kila wasichana 100, ni 26. Miongoni mwa wanywaji hao, wavulana 71 katika kila 100 na wasichana 27 katika kila 100 walikuwa wakinywa kwa mkupuo, yaani pombe nyingi kwa kikao kimoja. Kilimanjaro ilizidi Mwanza kwa mbali. Yaliyoambatana na unywaji yalikuwa ni kuwa mwanamume, kuwa na mpenzi, kuwa na pesa zaidi mfukoni na kutoshika dini.

Hapo kwenye kunywa kwa mkupuo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Shirika la Afya Duniani huhesabu mkupuo kuanzia gramu 60 za alkoholi halisi kwa kikao kimoja. Chupa ya bia ya nusu lita yenye alkoholi ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Chupa tatu, basi, zimeshafika. Kwenye meza ya harusi zetu chupa tatu ni salamu tu. Kwa hiyo baba anaposema, kwa nia njema kabisa, kwamba kijana wake anakunywa kistaarabu, chupa mbili tatu Jumamosi, anaeleza kitu ambacho daktari angekiandika kwenye safu ya hatari. Hamdanganyi mtu. Kipimo chake amekipata kwa watu wazima wenzake, na mwanawe naye amekipata kwake.

Utafiti mwingi juu ya wazazi na unywaji wa wanafunzi umefanyika Marekani, na ni vizuri kuusoma tukikumbuka ulikotoka. Mwaka 2004 Mark Wood na wenzake waliwauliza vijana waliokuwa karibu kuanza chuo kikuu, wakiwa bado kwao majira ya kiangazi. Marafiki walikuwa na nguvu kubwa, kama kila mtu anavyojua. Lakini pale kijana alipoamini kwamba wazazi wake hawaridhii ulevi na wanafahamu nyendo zake, nguvu ya marafiki ilipungua. Matokeo haya yanabadilisha swali lenyewe. Tumezoea kuuliza nani anamshinda nani, mzazi au rafiki, tukahitimisha kwamba chuoni rafiki ameshashinda. Kumbe mzazi hashindani na rafiki. Anapunguza makali yake.

Robert Turrisi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, alikwenda mbali zaidi. Aliandika kitabu cha mwongozo kwa wazazi, akawataka wakisome na kuzungumza na watoto wao kabla hawajaondoka kwenda chuo. Matokeo aliyoyatoa na wenzake mwaka 2001 yalionyesha kwamba wanafunzi ambao wazazi wao walipewa mwongozo ule walikunywa kidogo zaidi na walipata madhara machache kuliko wenzao. Mwaka 2009 jaribio kubwa zaidi lilionyesha kwamba mwongozo wa wazazi huongeza nguvu ya ushauri mfupi wa ana kwa ana anaopewa mwanafunzi mwenyewe. Hapo pana somo la unyenyekevu: mazungumzo ya mzazi yanasaidia, lakini hayatoshi, na wenye kuyafanyia utafiti hawakudai kwamba yanatosha.

Mwaka huohuo wa 2009 Caitlin Abar, akiwa na Turrisi na mwenzao mwingine, alichunguza jambo ambalo huzua mabishano katika kila kikao cha wazazi: je, ni afadhali kumkataza kabisa au kumwambia anywe kwa kiasi? Wanafunzi ambao wazazi wao waliruhusu kiasi fulani cha pombe walikunywa zaidi chuoni na kupata matatizo zaidi. Waliosikia hapana iliyo wazi walikuwa salama zaidi. Mzazi aliyeweka kikomo cha juu alikuwa, bila kukusudia, amempa mwanawe mahali pa kuanzia kuhesabu.

Kuna hoja moja tunayoisikia sana, hasa kutoka kwa akina baba waliosoma: afadhali aionje hapa nyumbani, mbele yangu, kuliko akaijulie mitaani. Inasikika kama hekima. Richard Mattick na wenzake wa Australia waliifuatilia kwa miaka sita. Walianza na watoto 1,927 wakiwa na umri wa miaka 12 au 13, wakawaandama hadi utu uzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Public Health. Hawakuona faida yoyote kwa mtoto aliyepewa pombe na mzazi wake. Waliopewa nyumbani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata pia kwa watu wengine, na uwezekano mkubwa zaidi wa kunywa kwa mkupuo na kupata madhara. Ni utafiti wa kufuatilia, hauwezi kuthibitisha chanzo kama jaribio la kugawa watu kwa kura lingeweza, na familia zinazowapa watoto pombe huenda zinatofautiana na nyingine kwa mambo mengi. Watafiti walijitahidi kuyazingatia mambo hayo. Hata ukibaki na shaka, mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mwenye kusema kwamba kuonjesha kunakinga, na huyo hana ushahidi mkononi.

Kwetu kuonjeshwa hakuji kama somo. Kunakuja na shughuli za nyumbani. Tazama sherehe ya kipaimara pale Moshi, au send-off mahali popote kuanzia Arusha hadi Mbeya. Kreti zimepangwa ukutani, bia upande mmoja, soda upande mwingine. Mjomba anamwita kijana wa darasa la sita: "Njoo, niletee mbili za baridi, na umletee shangazi yako moja." Kijana anakwenda, anarudi, anapewa pesa ya pipi na kusifiwa kwamba ana adabu. Kwenye uwanja wa nyuma wazee wanapokezana kata ya mbege, pombe ya ndizi mbivu na ulezi inayopewa uchungu na gome la msesewe, na mtoto aliyekaa karibu na babu anaruhusiwa kulamba povu. Hakuna aliyekusudia kumfundisha ulevi. Lakini kwa miaka kumi na tano amefundishwa kwa macho kwamba furaha kubwa haina budi kuwa na kreti, kwamba mkubwa ni yule anayeletewa, na kwamba siku moja zamu yake itafika. Siku hiyo ni wiki ya kwanza chuoni. Sisemi mbege iondoke Kilimanjaro. Ni chakula cha ukoo na heshima ya wazee. Nasema mtoto anaposhuhudia hayo yote bila kuambiwa neno lolote juu yake, ushuhuda ule ndio unakuwa neno.

Hapa ndipo historia yetu inapotofautiana na ile ya Marekani, na kwa maoni yangu ndipo kiini cha uchambuzi kilipo. Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002, Potent Brews, ameeleza jinsi pombe katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ilivyokuwa chombo cha mamlaka ya wazee. Kijana hakunywa kwa kupenda kwake. Alisubiri umri, ndoa, nafasi katika ukoo. Aliyesimamia hayo hakuwa baba peke yake. Ulikuwa ni ukoo mzima, rika kwa rika. Kisha zikaja pesa, mji na duka la chupa, na usimamizi ule ukalegea, kwa sababu mwenye shilingi hakuhitaji idhini ya mzee yeyote. Nafasi ile haikujazwa na baba wala mama. Ilijazwa na bweni.

Kijana wa Tanzania anayepitia shule za bweni huondoka nyumbani akiingia kidato cha kwanza, ana miaka kumi na minne hivi, na hurudi likizo ya Juni na ya Desemba hadi amalize kidato cha sita. Wengine huondoka wadogo zaidi. Tatizo lilifika mahali ambapo Machi 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Kenya nako shule za bweni ndizo zinazotamaniwa, na mzazi atauza ng'ombe ili mwanawe akalale huko. Kwa hiyo Mmarekani anayechunguzwa na Turrisi anaachana na macho ya wazazi wake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 18. Wa kwetu ameshaachana nayo zamani. Yanayomtoka anapoingia chuoni ni macho ya matroni, patroni, kengele ya saa nne usiku na mlinzi wa getini.

Na bweni lilimfundisha nini kuhusu pombe? Lilimfundisha kwamba ukikamatwa unafukuzwa. Hilo tu. Hakuna aliyeketi naye kumweleza kwa nini, ni kiasi gani kinaharibu nini, afanye nini rafiki yake akizimia. Kanuni yote ikawa ni kutokamatwa, na wenye kujua bweni wanajua jinsi vijana wanavyokuwa mafundi wa kutokamatwa. Chuoni hakuna wa kumkamata. Kanuni iliyotegemea mkamataji inakufa siku ya kwanza, na chini yake hakuna nyingine.

Ndiyo maana nasema wazazi wa kwetu wana kazi ya kuanza, ilhali wenzao wa ng'ambo wana kazi ya kuendeleza. Kuanza na mtu wa miaka 19 au 20 ni kugumu, lakini kunawezekana, na sababu imo katika utafiti mmoja wa Sweden ambao ningependa kila mzazi aufahamu. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichunguza kile tunachokiita ufuatiliaji wa wazazi. Wazazi wanaojua watoto wao wako wapi, wanafanya nini na nani, wanayajuaje? Ilidhaniwa wanayajua kwa kuuliza, kupekua na kuweka masharti. Waligundua kwamba kwa sehemu kubwa wanayajua kwa sababu watoto wenyewe wanawaambia. Umbali, basi, si kizuizi tulichodhani. Mama wa Mwanza anaweza kujua mengi ya binti yake aliyeko Dar es Salaam kuliko jirani anayelala chumba kimoja na wa kwake. Inategemea kama binti ana sababu ya kusema.

Hebu sikiliza simu zetu zenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula?" "Nimekula mama." "Masomo yanaendaje?" "Yanaenda." "Ada wameshaacha kukusumbua?" "Bado kidogo." "Haya, usisahau kusali. Salimia wenzako." Dakika mbili, na kila neno lina upendo ndani yake. Ningeweza kuiandika simu hiyo bila kumjua mama huyo, kwa sababu ni ileile kutoka Kigoma hadi Kitui. Ndani yake hakuna swali ambalo jibu lake linaweza kuwa gumu. Kijana aliyeamka juzi hajui alifikaje hosteli hana mahali pa kuliweka jambo hilo katika mazungumzo haya. Na mama, akiambiwa baadaye na watu, atasema kwa uchungu wa kweli: mbona hakuniambia?

Katika familia za Kiislamu za Pwani na Unguja ukimya una sababu nyingine, nayo inastahili heshima. Pombe ni haramu, jambo limekwisha. Kumzungumzia mtoto pombe ni kama kumtuhumu, na kuna wazazi wanaoona kulitaja tu ni kulikaribisha ndani. Katazo hilo lina nguvu: utafiti wa Kilimanjaro na Mwanza ulionyesha kwamba kushika dini kunaambatana na kutokunywa. Ninachokihofia ni hali ya yule mmoja aliyeteleza. Kijana aliyetoka Lamu, akajikuta Nairobi na chupa mkononi, haoni mtu wa kumweleza nyumbani bila kuivunja heshima ya ukoo mzima. Anabaki na wale wale waliompa chupa. Nyumba nyingi za Walokole Bara zina hali hiyohiyo. Katazo thabiti na mlango wa toba ni mambo ambayo dini zenyewe zimeyaweka pamoja. Nyumbani mara nyingi tumelichukua la kwanza tukaliacha la pili.

Mwanasaikolojia Diana Baumrind, tangu miaka ya 1960, alitofautisha malezi ya amri tupu, malezi ya kuachia, na malezi yenye msimamo pamoja na ukaribu. Tafiti za pombe zimekuwa zikirudi kwenye aina hiyo ya tatu kama yenye kinga bora. Kwetu tuna tabia ya kuona njia mbili tu, fimbo au kudekeza, na mzazi aliyelelewa kwa fimbo akaona imemfaa anahofu kwamba akiiacha amedekeza. Mzazi anayesema, "Sitaki unywe, na sababu zangu ni hizi, na usiku wowote ukiwa kwenye matatizo, umelewa au hujalewa, nipigie, tutagombana kesho yake," hajalegeza chochote. Ametoa hapana kamili na namba ya simu.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu ndiyo kauli iliyo wazi zaidi na inayotumiwa vibaya zaidi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Tanzania ilipandisha fedha za chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi wote huiita boom, haiji siku kwa siku. Inaingia kwa pamoja, na ukiipiga hesabu ya siku 60 ni shilingi 600,000 katika akaunti ya mtu ambaye hajawahi kushika laki moja yake. Kila mwenye grosari jirani na chuo anajua boom limetoka lini. Muuza chipsi anajua, bodaboda anajua, na asiyejua mara nyingi ni mzazi. Anapojua, hujua kwa ajili ya kusitisha kutuma zake: boom limetoka, sasa jitegemee. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa pesa ya ziada mfukoni inaambatana na kunywa. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, mzazi anaweza kutuma kidogo kila wiki badala ya kingi mara moja, akapata na sababu ya kuongea kila wiki. Wazazi wenye pesa nyingi ndio wagumu zaidi kwenye hili. Hutuma kwa mkupuo ili wasisumbuliwe, na mtoto hunywa vivyo hivyo.

Lazima pia nimtetee mzazi, maana ni rahisi uchambuzi wa namna hii kugeuka hati ya mashtaka. Tafiti za mapacha zimekadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya mtu kuwa mlevi wa kupindukia inatokana na urithi wa damu, na hakuna mazungumzo yanayobadilisha damu. Mzazi mlevi anaweza kulea mtoto asiyegusa pombe maisha yake yote, kwa sababu aliona mengi. Na mzazi asiyeonja anaweza kumzika mwanawe kwa gongo. Wasichana na wavulana hawaangaliwi kwa jicho moja na jamii, na hilo peke yake linaeleza sehemu ya tofauti za tarakimu tulizoziona. Kisha kuna biashara. Vijana wa Kilimanjaro na Mwanza waliwaambia watafiti kwamba matangazo ya pombe wanayaona kila mahali na pombe yenyewe inapatikana kirahisi. Mzazi anaongea mara moja kwa wiki. Bango linaongea kila akitoka getini.

Sheria nazo zina mapengo yanayostaajabisha. Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho, iliweka umbali wa mita 300 kati ya baa na shule. Lakini ulinzi huo ni wa taasisi zinazofundisha walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo, na yeyote aliyepita barabara inayopakana na chuo chochote kikubwa cha Kenya ameona matokeo yake kwa macho. Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba, yaani ya vifuko vidogo, Machi 2017, na hiyo ilikuwa hatua ya maana, kwani kiroba kilikuwa kikiingia mfukoni na hata kwenye mkoba wa shule. Julai 2025 sera mpya ya Kenya ilipendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21. Marekani ilisukuma umri huo kwa sheria ya mwaka 1984, na mwaka 1998 Bunge lake likaruhusu vyuo kuwaarifu wazazi pale mwanafunzi wa chini ya miaka 21 anapovunja kanuni za pombe, bila kuomba ridhaa yake. Mimi naunga mkono 21, kwa sababu umri mkubwa zaidi hupunguza ajali za barabarani. Kuhusu barua kwa wazazi nina mashaka. Kwa mzazi mwenye ukaribu, barua hiyo inafungua mazungumzo. Kwa mzazi wa fimbo, itamfanya mwanafunzi asimpeleke rafiki yake zahanati usiku akihofu jina litaandikwa.

Jambo jingine ambalo mzazi anaweza kulifanya bila sheria yoyote linatokana na Wesley Perkins na Alan Berkowitz, walioonyesha mwaka 1986 kwamba wanafunzi hudhani wenzao wanaukubali ulevi kuliko hali ilivyo kweli. Rudi kwenye tarakimu za kwetu: ikiwa wavulana 45 katika 100 wanakunywa, basi 55 hawanywi. Ikiwa wasichana 26 wanakunywa, 74 hawanywi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejiona mshamba kwa kushika soda yuko upande wa wengi, na hajui, kwa sababu wanaokunywa ndio wenye kelele. Mzazi anaweza kumwambia hilo kwa dakika moja.

Wakati wa kusema upo, tena mrefu kuliko wa Wamarekani. Mtihani wa taifa wa Kenya humalizika Novemba na vyuo vikuu hufunguliwa Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Kijana yuko nyumbani karibu miezi tisa. Tanzania kidato cha sita humaliza Mei na vyuo hufunguliwa kuanzia Oktoba, ingawa kwa wengine sehemu ya muda huo huchukuliwa na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kwa waliokulia bwenini hiki ni miongoni mwa vipindi virefu zaidi walivyokaa na wazazi wao tangu utotoni. Tunautumia kumtafutia kozi ya kompyuta, kumpeleka shamba, kumtuma mjini. Kila mzazi anayesoma haya akiwa na kijana wa namna hiyo hapo sebuleni ana nafasi ambayo haitarudi.

Vyuo vingeweza kusaidia kwa gharama ndogo sana. Kila mwanafunzi anayechaguliwa hupokea maelekezo ya kujiunga: ada, akaunti ya benki, fomu ya daktari, orodha ya vitu vya kuja navyo, wakati mwingine hadi idadi ya mashuka. Mzazi huyasoma yote, mara mbili tatu, kwa sababu ya ada. Mle ndani ingeongezwa karatasi moja ya Kiswahili kwa mzazi, inayoeleza chupa tatu ni nini, boom huingia miezi gani, wasiokunywa ni wangapi, ofisi ya mshauri wa wanafunzi iko wapi na inapokea simu ipi usiku, na sentensi chache za kumsaidia mzazi asiyejua aanzie wapi. Mwanafunzi naye angepata nusu saa na mshauri katika wiki mbili za kwanza. Chuo kimoja kikiigawa karatasi hiyo kwa kura, nusu ya wanafunzi wapya wazazi wao waipate na nusu wapate maelekezo ya kawaida, hadi mwisho wa muhula wa pili tungekuwa na matokeo yetu wenyewe, ya Mwanza au ya Eldoret, na tungejua kama yale ya Marekani yanatufaa.